Njombe Haina Rangi Moja

Kwenye ramani ya bayomu za dunia, ile inayochapwa katika atlasi za sekondari, karibu Tanzania yote hupakwa rangi moja ya savana. Tabora na Njombe zinafanana. Anayeisoma akiwa mbali ana haki ya kudhani kwamba Njombe kuna migunga, nyasi za manjano na pundamilia, na kwamba mgeni anaweza kushuka stendi mwezi Juni akiwa na shati la mikono mifupi. Nimefundisha jiografia sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi, kwanza Makambako na baadaye Njombe mjini, na ramani hiyo nimeibandika ukutani miaka yote. Ni ramani nzuri kwa kazi yake. Lakini niliyoyaelewa vizuri kuhusu bayomu, yaani yale makundi makubwa ya mimea na wanyama yanayoigawa dunia kuanzia msitu wa mvua hadi tundra, sikuyapata ukutani. Niliyapata relini, mabondeni na kwenye mashamba ya watu.

Baba alikuwa mfanyakazi wa TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia. Tuliishi Mlimba, kwenye bonde la Kilombero, na nikiwa bado shule ya msingi akahamishiwa Makambako. Reli hii ilijengwa kati ya 1970 na 1975, na kipande cha Mlimba hadi Makambako ndicho kilichowapa wajenzi kazi kubwa kuliko vyote. Mahandaki na madaraja yanafuatana, kwa sababu treni inatoka kwenye bonde lenye mita mia tatu hivi juu ya usawa wa bahari na kupanda hadi kwenye uwanda wa zaidi ya mita 1,600. Nyuma tuliacha mpunga, miembe na usiku wa joto usiovumilia shuka. Treni ikaanza kupanda. Dirishani ukapita msitu mzito wa miti mirefu iliyozongwa na mitambaazi, kisha mianzi, kisha miombo iliyosimama kwa nafasi, mwisho nyasi fupi na upepo. Tulipofika Makambako abiria wa Mlimba walikuwa wamejifunika khanga, mataulo, chochote kilichokuwa karibu. Upepo wa Makambako hauna msimu wa kupumzika. Hata leo watu wanaotafuta mahali pa kuzalisha umeme wa upepo huja kupima hapo.

Kanuni inayoelezea safari ile ni fupi. Kila unapopanda mita 100, joto hupungua kwa takriban sehemu sita za kumi za nyuzi moja. Kutoka Mlimba hadi Makambako ni karibu nyuzi nane. Mtu wa Dar es Salaam anayetaka kupoteza nyuzi nane bila kupanda mlima angelazimika kusafiri hadi pwani ya Afrika Kusini, upande wa Gqeberha (zamani Port Elizabeth) au Cape Town. Sisi tulizipoteza kwa saa chache, tukiwa tumekaa na kula mahindi ya kuchoma. Alexander von Humboldt aliliona jambo hilo mwaka 1802 alipokuwa akipanda mlima Chimborazo huko Ekwado: mimea ya bondeni ilikuwa ya tropiki, na kadiri alivyopanda ndivyo alivyokutana na mimea inayokumbusha nchi za baridi, mpaka akafika palipo na mawe na barafu. Alichora mlima mzima na kuandika majina ya mimea kwenye miinuko yake. Ukiniuliza ni mchoro gani uongezwe kando ya ramani ya bayomu katika shule za Nyanda za Juu Kusini, nitakuambia ni mchoro kama ule, lakini mlima uwe wetu.

Mama aliyaelewa haya kwa njia ya bustani. Alikuja na mbegu za bamia na miche ya mipapai kutoka Mlimba, akaipanda nyuma ya nyumba ya reli. Bamia zilichomoza, zikasimama. Hazikufa wala hazikukua. Jirani yetu, bibi mmoja wa Kibena aliyepita kumsalimu, akaziangalia kwa muda, akasema, "Mwanangu, hizi zinataka joto la kwenu. Hapa panda figiri, panda viazi, panda njegere." Mama alipanda figiri. Mwaka uliofuata tulikuwa tunagawa mboga kwa majirani.

Miaka mingi baadaye, nikiwa chuoni, nilikutana na mchoro wa mwanaekolojia wa Marekani, Robert Whittaker, wa miaka ya 1970. Mstari mmoja ni wastani wa joto la mwaka, mwingine ni mvua. Bayomu zote za dunia zimo ndani ya mistari hiyo miwili: penye joto na mvua nyingi pana msitu wa mvua kama wa Kongo, penye joto na mvua ya msimu pana savana, pakavu ni jangwa, penye baridi ya wastani na mvua ya kutosha pana misitu inayopukutisha majani kama ya Ulaya, baridi zaidi ni taiga, misitu ya misonobari inayozunguka kaskazini ya dunia kupitia Urusi na Kanada, na mwisho kabisa tundra, ambako ardhi ya chini haiyeyuki. Hakuna jina la nchi hata moja kwenye mchoro huo. Hapo ndipo nilipolielewa lile la bibi. Alichokuwa anamwambia mama ni kwamba mmea hauulizi uko Tanzania au Ulaya, unauliza joto ni kiasi gani, maji ni kiasi gani, na yanakuja lini.

Ukitazama mashamba ya Njombe kwa jicho hilo, utaona kwamba yamekusanya milima ya dunia nzima. Viazi mviringo asili yake ni Andes, Amerika ya Kusini. Parachichi ni la nyanda za Meksiko na Amerika ya Kati. Paina tunayoipanda zaidi, ile yenye majani marefu yanayoning'inia, ni ya milima ya Meksiko yenye ukungu. Chai ya Luponde, Kibena na Lupembe imetoka Asia. Miwati na milingoti ni ya Australia. Miwati ndiyo iliyoleta kampuni ya TANWAT hapa Kibena mwaka 1949, kwa ajili ya magome yake yanayotoa dawa ya kulainishia ngozi. Pareto ya Makete asili yake ni pwani ya Dalmatia, ng'ambo ya Italia, na haichanui vizuri bila kupigwa na baridi kwanza. Matufaha ya Makete nayo hutaka baridi hivyo hivyo. Vyote hivi vimekubali kwa sababu joto na mvua ya hapa vinakaribiana na vya kwao. Na kila kimoja kimekuja na tabia yake ya kunywa maji, jambo ambalo nitalirudia, kwa sababu ndilo linalonikosesha usingizi.

Kwanza miombo. Ukitoka Makambako kuelekea tambarare za Wanging'ombe, unashuka kidogo na kuingia kwenye msitu huu unaofunika eneo kubwa la Tanzania, Zambia, Msumbiji, Malawi, Angola na kusini mwa Kongo. Wengi huuita pori na kupita. Mimi nauona kama shule bora ya ekolojia tuliyo nayo, na nilipokuwa Makambako nilikuwa nawapeleka wanafunzi wa kidato cha tatu huko kila msimu ulipobadilika.

Mwezi Septemba na Oktoba, kabla tone la kwanza la mvua halijaanguka, miombo huchipua majani mekundu, ya rangi ya shaba na divai. Wanafunzi walishangaa kila mara. "Mwalimu, maji yanatoka wapi?" Yanatoka kwenye mizizi iliyokwenda chini sana na kwenye akiba iliyobaki ndani ya shina. Mti unaikopa mvua kabla haijafika, ili siku itakapofika majani yawe tayari kufanya kazi. Mimea ya mwaka mmoja haiwezi kufanya hivyo, ndiyo maana mahindi hungoja.

Mvua za mwanzo zikinyesha, akina mama husimama kando ya barabara kuu ya kwenda Mbeya na ndoo za uyoga. Uyoga ule haukuota pale kwa bahati. Miti mikuu ya miombo huishi kwa ushirika na kuvu waliojizungusha kwenye mizizi yake. Kuvu huisaidia kufyonza fosforasi na maji kwenye udongo maskini, na mti huwalipa kwa sukari. Uyoga tunaoula ni tunda la ushirika huo. Kata miti yote, na uyoga huo unakwenda nayo hata kama mvua itanyesha vilevile. Paina nayo ina kuvu wake, na hawa hawakuwapo Afrika. Vitalu vya kwanza vya paina katika nchi kadhaa za Afrika viliotesha miche ya njano iliyodumaa, mpaka watu walipochota udongo kutoka chini ya paina iliyokwisha kukubali na kuuchanganya kitaluni. Somo hilo nilikuwa nalipa kipindi kizima: huwezi kuhamisha mti peke yake. Ama unahamisha na wenzake, ama unaupeleka upweke.

Arthur Tansley wa Uingereza ndiye aliyependekeza mwaka 1935 kwamba viumbe na mazingira yao yasiyo na uhai, yaani udongo, hewa, maji na mwanga, yasomwe kama mfumo mmoja, mfumo ikolojia. Miaka saba baadaye, 1942, Mmarekani kijana Raymond Lindeman aliufuatilia mfumo huo ziwani kwa hesabu ya nishati, na kuonyesha kwamba kila hatua ya kuliwa hupoteza sehemu kubwa sana. Kwa makadirio ya darasani tunasema ni sehemu moja tu ya kumi inayopita kwenda hatua inayofuata. Ndiyo maana panzi ni wengi, ndege wala panzi ni wachache, na mwewe unamwona mmoja juu ya bonde zima. Sipendi kukaa sana hapo. Wanafunzi huielewa hesabu hiyo upesi na kuisahau upesi. Wanachokumbuka ni kichuguu. Mchwa hubeba majani makavu chini, huyasaga, na udongo wa kichuguu kilichobomolewa huotesha mahindi ya kijani kibichi kuliko shamba lote linalokizunguka. Mkulima yeyote wa Makambako anajua mahali kichuguu kilipokuwa hata baada ya miaka.

Mzee mmoja mfuga nyuki aliyekuwa na mizinga yake upande wa Wanging'ombe alinifundisha jambo ambalo baadaye nililikuta limeandikwa. Alikuwa anachoma nyasi mwenyewe mwezi Juni, zikiwa bado na unyevu kidogo, moto mdogo unaopita chini bila kupanda mitini. "Moto wa Juni unafagia," aliniambia. "Wa Oktoba unaua, mwalimu, na unaua yale machipukizi mekundu." Huko Ndola, Zambia, wataalamu wa misitu walianza mwaka 1933 kutenga viwanja vya miombo: vingine vilichomwa mapema kila mwaka, vingine vilichomwa mwishoni mwa kiangazi, vingine vililindwa visiguswe na moto kabisa. Baada ya miongo kadhaa, vilivyochomwa mwishoni vilikuwa vimegeuka kuwa nyasi na miti michache. Vilivyochomwa mapema vilibaki miombo. Vilivyolindwa vilianza kufungana na kuwa msitu mnene. Mvua ni ileile, joto lilelile, bayomu tatu tofauti. Mchoro wa Whittaker una joto na maji tu, na katika nchi yetu hiyo haitoshi. Lazima uulize moto unapita lini na ng'ombe wangapi wanapita, na majibu ya maswali hayo wanayo watu kama mzee yule.

Nilipohamia Njombe, mahali penye kimo cha karibu mita 2,000, nilianza somo upya. Mwezi Juni na Julai kuna asubuhi ambazo umande wa mabondeni huganda ukawa mweupe juu ya majani ya viazi, na ukipanda kilimani kidogo huoni barafu hiyo. Hii ni kwa sababu hewa baridi ni nzito. Usiku inashuka mteremko na kutuama bondeni. Wakulima wa hapa walilijua hilo zamani, na wakajua pia kwamba bonde hilohilo ndilo lenye udongo mweusi wenye maji wakati wa kiangazi. Hivyo ndivyo vinyungu vilivyozaliwa: matuta ya bondeni ambayo Wabena na Wahehe hulima kiangazi, wakipanda mahindi mabichi, maharage, mboga na viazi wakati mashamba ya juu yamekauka. Kipato cha akina mama wengi hapa kinatoka kwenye kinyungu.

Kisomo cha mteremko huu kilianzia nchini mwetu, na inaniuma kwamba hatukitaji shuleni. Geoffrey Milne, mtaalamu wa udongo aliyefanya kazi kituo cha utafiti cha Amani, Usambara Mashariki, aligundua akizunguka Afrika Mashariki kwamba ukipita kilima baada ya kilima, udongo unajirudia kwa mpangilio uleule: mwekundu juu, wa kahawia kwenye mteremko, wa kijivu au mweusi chini. Mwaka 1935, mwaka uleule wa Tansley, alipendekeza udongo usomwe kwa mfululizo huo kuanzia kileleni hadi bondeni, akauita katena, na leo wanafunzi wa udongo dunia nzima wanajifunza jina hilo. Maji ndiyo yanayoufunga mfululizo huo. Mvua inayonyesha juu inazama, inatembea chini kwa chini, inatokea bondeni miezi kadhaa baadaye. Kiangazi, kinyungu kinakunywa mvua ya Machi iliyonyesha juu ya kilima.

Kwa hiyo swali la ni mti gani uko juu ya kilima, na ni upi uko bondeni, ni swali la maji ya mtu. Katika mtaa tunaoishi Njombe pana chemchemi ambayo akina mama walichota tangu zamani. Pembeni yake mtu alikuwa amepanda milingoti, kwa sababu bondeni hukua haraka na nguzo ina bei. Miaka ilivyokwenda, chemchemi ikawa inakauka mwezi Oktoba, kisha Septemba. Siwezi kusema ni milingoti peke yake. Mvua nazo ziliyumba, na nyumba zilijengwa juu ya kilima pote. Lakini kuna jaribio moja linalonifanya nisinyamaze. Huko Mokobulaan, Mpumalanga, Afrika Kusini, watafiti walipanda milingoti juu ya bonde dogo lililokuwa la nyasi. Mwaka wa tisa kijito kikakauka kabisa. Bonde la jirani lilipandwa paina ileile tunayoipanda sisi. Likakauka mwaka wa kumi na mbili. Milingoti ilipokatwa, maji hayakurudi siku hiyo wala mwaka huo. Ilipita miaka mitano hivi, kwa sababu miti ilikuwa imekunywa hadi akiba ya chini, na akiba hiyo ilibidi ijae kwanza. Tangu 1972 Afrika Kusini imemtaka anayepanda msitu wa biashara apate kibali kwa sababu ya maji.

Hapa kwetu, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mito na vyanzo vya maji. Sina ugomvi na mlingoti wala na paina. Nyumba ya mama yangu imepauliwa kwa mbao za paina, na watoto wengi wa Njombe wamelipiwa ada na shamba la miti. Paina juu ya mgongo wa kilima kilichochoka, ambako hakuna kijito karibu, ni kitu chema. Ninachokipinga ni mti wa nchi nyingine kupewa mdomo wa chemchemi.

Kitulo ndiko nilikoelewa kwa nini tunakosea kirahisi hivyo. Uwanda huu uko zaidi ya mita 2,600 juu, kati ya Makete na Mbeya, na wenyeji huuita Bustani ya Mungu. Kuanzia Desemba hadi Aprili nyasi zote hugeuka maua, na zaidi ya aina 40 za okidi huchanua humo. Mwaka 2005 ukawa hifadhi ya taifa, ya kwanza katika Afrika ya tropiki kuanzishwa hasa kwa ajili ya mimea. Nilipowapeleka wanafunzi, mmoja wao, kijana mwenye akili sana kutoka familia ya wafanyabiashara wa mbao, alisimama akaangalia upeo wote usio na mti, akasema, "Mwalimu, eneo lote hili limekaa bure. Pangepandwa paina hapa." Alisema kwa moyo safi. Ndivyo tulivyomfundisha: msitu ni mali, nyasi ni pengo linalosubiri kujazwa.

Niliwaomba wapige magoti na kuchimbua kidogo kwa vidole. Nusu ya maisha ya Kitulo iko chini ya ardhi. Okidi ina viazi vidogo, nyasi zina mashina yaliyolala, maua mengine yana matunguu. Vichipukizi vyao vimejificha mahali ambapo moto wa Agosti na barafu ya Julai havivifikii. Baridi, moto na upepo vimeifukuza miti kutoka uwandani, na miti imebaki mabondeni na kwenye miteremko yenye unyevu. Nyasi hizi ni za kale. Udongo chini yake, hasa kwenye vinamasi, umejaa mizizi iliyooza nusu, na unashika mvua kama godoro lililolowa, kisha unaiachia polepole kiangazi chote. Hapo ndipo baadhi ya vijito vya mwanzo vya Ruaha Mkuu vinapotoka.

Na ukiona nyasi kama pengo, utazichukulia pia kama duka lisilo na mwenyewe. Viazi vya okidi huchimbwa na kupelekwa Zambia kutengenezwa chikanda, chakula kinachopendwa sana huko, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 watafiti walikadiria kwamba viazi hivyo vilikuwa vinavuka mpaka kwa mamilioni kila mwaka. Kila kiazi kinachochimbwa ni mmea mzima. Hakuna tunda linalobaki nyuma.

Chini kidogo, kwenye msitu wa miteremko ya Milima ya Livingstone inayopakana na uwanda, anaishi kipunji, nyani ambaye sayansi ilimjua mwaka 2003 na kumwandika rasmi mwaka 2005; mwaka uliofuata akapewa jenasi yake mwenyewe. Watafiti walimfuata baada ya kusikia wawindaji wa vijiji vya Rungwe wakimtaja. Watu wa pale walikuwa na jina lake muda wote. Nilikuwa nawaambia wanafunzi hivi ili wajue kwamba kuuliza bibi na babu kuhusu mti, mnyama au chemchemi ni sehemu ya utafiti.

Kutoka ukingo wa Milima ya Kipengere unaweza kuona chini tambarare ya Usangu, imelala na vumbi lake, mvua yake ikiwa ndogo kuliko ya Njombe, joto lake likiwa la nchi nyingine. Huko maji ya milima yetu huingia kwenye mashamba ya mpunga, kisha kwenye ardhioevu ya Ihefu, kisha Hifadhi ya Ruaha, kisha Mtera na Kidatu yanakogeuzwa umeme. Mwishoni mwa 1993 Ruaha Mkuu ulikauka ndani ya hifadhi kwa mara ya kwanza katika kumbukumbu, na miaka iliyofuata vipindi vya ukavu vikawa virefu zaidi. Viboko walibaki wamebanana kwenye madimbwi. Sababu kubwa ilikuwa maji yaliyochepushwa Usangu wakati wa kiangazi, na mwaka 2008 Ihefu iliingizwa ndani ya hifadhi. Upande wa pili wa Makambako, Mto Ruhudji unateremka hadi Kilombero nilikokulia, kwenye uwanda wa mafuriko uliowahi kuwa na sehemu kubwa ya swala aina ya sheshe wote wa duniani. Maji ya pande zote mbili hukutana tena Rufiji. Na ukielekea Ludewa, mvua inashuka na Mto Ruhuhu kwenda Ziwa Nyasa, na kutoka huko hadi Zambezi. Watu wa Njombe wakilima miteremko yao vibaya wanaweza kugusa bahari kwa midomo miwili.

Sasa nimestaafu, na niko kwenye kamati ya maji ya mtaa. Pale chemchemini tumepanda mivengi, mti wa asili wa jamii ya mzambarau ambao wazee wa hapa wameuona kando ya maji tangu utotoni, na matunda yake watoto huyala. Kazi ngumu haijaisha. Bonde letu ni jembamba. Ukipima mita 60 kila upande, umemaliza vinyungu vyote, na baadhi ni vya wajane ambao hawana shamba jingine. Kwenye mkutano uliopita wapo waliotaka sheria isomwe na wote waondoke siku moja. Nilisimama kupinga. Kinyungu cha mboga chenye matuta ya kukinga mteremko, kilichoachiwa ukanda wa majani na mivengi kwenye mdomo wa chemchemi, kinakunywa sehemu ndogo sana ya kinachonywewa na milingoti ya umri wa miaka minane. Milingoti ina mwenye nguvu, vinyungu vina mwenye njaa, na ni rahisi kuanza na mwenye njaa. Pendekezo langu limeandikwa kwenye muhtasari: milingoti yote ya bondeni itoke kwanza, visiki vyake visiachwe kuchipua, tuipime chemchemi kila Oktoba kwa miaka mitano, na ndipo tukae na wenye vinyungu kuzungumza ni matuta mangapi yasogee na yasogee wapi.